Umepata ofa ya kazi ya sofutwea? Usiseme ndio hapo hapo
HR akikupigia baada ya ile intavyu ya mwisho kukwambia umepita, mshukuru halafu omba ofa kwa imeili na siku mbili tatu za kuisoma, hiyo si dharau hata kidogo. Kama ni Kenya piga hesabu ya kinachobaki mkononi, maana kwenye mshahara wa laki mbili SHIF (bima ya afya ya serikali) inakata 2.75% yaani 5,500, tozo ya nyumba 1.5% yaani 3,000, bado PAYE (kodi ya mapato) na NSSF (akiba ya uzeeni). Ukitaka kuongezewa taja namba moja, kisha nyamaza usubiri. Na jamani, usiache kazi ya zamani kabla mkataba haujasainiwa pande zote mbili, mimi niliacha kwa ahadi ya simu tu, ofa ikayeyuka, hela ya pango nikakopa kwa dada.