SOMO: Bimu ya zege juu ya uwazi mpana (mlango wa duka, gereji)

Kila wiki lazima mtu aulize: "Uwazi mita 4, nondo ngapi?" Naandika mara moja. Akiuliza mwingine, mwelekezeni hapa.

1. Pima uwazi, kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo.

2. Jua bimu itabeba nini. Hapa ndipo kazi ilipo. Ukuta mtupu wa mawe yaliyofungamana hujibeba kama tao, bimu ikabaki na pembetatu tu ya ukuta, mradi kuna ukuta wa kutosha juu na pande zote mbili. Slabu (sakafu ya zege ya juu) ikiikalia bimu, au uwazi ukiwa kwenye kona, sahau hiyo pembetatu. Na wenye kujenga chini leo wakipanga ghorofa baadaye, hesabuni ghorofa sasa hivi. Bimu haikuzwi ikishamwagwa.

Nguvu ya kupinda = mzigo kwa mita × urefu × urefu ÷ 8. Mzigo ukiongezeka mara mbili, nguvu nayo mara mbili. Urefu mara mbili, nguvu mara nne! Mfano: kilonyutoni 40 kwa mita (kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 100), urefu mita 4, unapata kilonyutoni-mita 80. Bimu ya milimita 200 kwa 450, zege daraja la 25, chuma cha 460 (namba hizo ni nguvu yake, nyutoni kwa milimita mraba): chini zinatosha Y16 tatu, yaani nondo ngumu za milimita 16. Huo ni mfano, si ramani yako. Ramani apige mhandisi aliyesajiliwa.

3. Juu, Y12 mbili za kushikia ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo.

4. Ringi za milimita 8: kila 150 karibu na nguzo, 200 katikati.

5. Zege la kufunika chuma, milimita 40. Hewa yetu ya pwani ina chumvi. Kutu huvimba, zege likabanduka vipande. Egemeza ringi kwa vitofali vya saruji, si vipande vya mbao.

6. Mwaga kwa mkupuo mmoja, mwagilia siku 7, miti ya chini isitolewe kabla ya siku 21.

MASWALI

mwenyeduka: Mimi uwazi wangu mita 5, nondo ngapi?
— Hatua ya 2.

mwenyeduka: Si unitajie tu, bwana?
— Juu kuna nini? Hujasema. Mimi si mpiga ramli.

mwanagenzi_likoni: Shikamoo mzee. Mbona ringi zibanane pembeni, na bimu hupindika katikati?
— Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Katikati kuna kupinda, na huko nondo za chini ndizo zinazofanya kazi. Karibu na nguzo kuna kukatika: mzigo wote unateremkia hapo, na ufa hutokea mshazari. Ringi ndizo zinazoushona. Kwa mfano wangu, kila mwisho unapokea kilonyutoni 80.

mama_fremu: Fundi anachanganyia zege maji ya kisima, yana chumvi kidogo.
— Mkataze, dada. Nunua maji yasiyo na chumvi, hata ya mkokoteni. Chumvi ikishaingia ndani, milimita 40 hazikusaidii.

mwanagenzi_likoni: Na kokoto?
— Zisizidi milimita 20. Y16 tatu ndani ya upana wa 200 huacha nafasi ya milimita 28 tu kati yake. Na zichekeche, vumbi la matumbawe hunyonya maji.