Kupanda mti wa kivuli kwenye bustani ya jiji, Mwanza

Mwanza mwamba uko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo piga mtaimbo sehemu tatu kwanza. Ukigonga jiwe kabla ya sentimita 60, hama. Panda Novemba, mvua zikishakolea. Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uchanganye na debe moja la samadi iliyooza, maana mbichi huunguza mizizi. Chana kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) ukitoe chote, kata mizizi iliyojizungusha. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi: ukiifukia, gome huoza na mti hufa taratibu, watu wakilaumu jua. Kiangazi mwagilia lita 20 mara mbili kwa wiki. Magugumaji ya ziwani hufaa kwa matandazo, ila yakauke kabisa na yasiguse shina. Mbuzi? Zungushia miiba.