Soda siku za mbalamwezi: namna ya kupunguza sukari mtumbwi ukiwa umepaki

Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi ya dagaa ya Igombe na Kayenze, Ziwa Victoria upande wa Mwanza, hukaa mwaloni, maana taa haiwavuti dagaa wakati ziwa lote linang'aa. Baharia aliyevuta nyavu usiku kucha kipindi cha giza sasa anashinda kwenye drafti. Soda tu ndiyo haipumziki: mbili mchana, kinywaji cha enaji jioni.

Misuli ikifanya kazi huchota sukari kwenye damu bila kuihitaji sana insulini, homoni ya kongosho inayosaidia sukari kuingia kwenye misuli. Ikikaa bure, akiba yake ya sukari haitumiki, na ndani ya siku chache huwa mizito kuitikia insulini, hivyo kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi. Isitoshe, karibu nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, aina ya sukari iliyomo pia kwenye matunda, ambayo sehemu kubwa hushughulikiwa na ini. Ikizidi, ini huigeuza mafuta. Kwa hiyo chupa uliyoimudu wakati wa giza si chupa ileile mwezi ukiwa mkubwa.

Anza na hesabu. Soma kwenye lebo gramu za sukari kwa kila mililita 100, zidisha kwa mililita za chupa, gawanya kwa 100. Soda ya gramu 10.6, chupa ya mililita 350, inatoa gramu 37, yaani vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii isifike gramu 50 kwa siku kwa anayekula kilokalori 2,000, na chini ya 25 ni bora zaidi. Soda mbili tayari ni 74.

Ukiitaka, kunywa moja, pamoja na chakula. Kuionja kidogo kidogo mchana kutwa kunaharibu meno pia. Kila dakika 20 za kukaa, tembea dakika 2. Kwenye drafti, kete zikipangwa upya, aliyefunga na aliyefungwa wote wasimame. Baada ya ugali, dakika 15 za kutembea ufukweni zinatosha.

Kiu ikatwe kwa maji. Ukitaka ladha, kamulia malimao 2 kwenye lita 2 za maji yaliyochemshwa, ponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, weka sukari vijiko 4 vya chai. Wengi huharibu hapa: wanaonja ikiwa baridi, wanaongeza sukari. Baridi hufifisha utamu, ndiyo maana soda ya moto hukinaisha. Onja kabla ya kupoza.

Juisi ya miwa si mbadala. Ni sukari tupu yenye rangi ya shamba. Enaji usiiache ghafla: kukosa kafeini huumiza kichwa. Punguza nusu chupa kila siku mbili.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari akianza kutetemeka na kutoka jasho, dalili za sukari kushuka mno, mpe soda yenye sukari mara moja, glasi ndogo, mradi ana fahamu na anaweza kumeza. Pima sukari yake ya damu baada ya dakika 15.