Wimbo wa kwaya wa sauti nne: ninavyoutunga na kuufundisha

Kinanda kifunike kwanza. Chukua maneno, yasome kwa sauti huku unatembea, hata mara kumi, mpaka miguu ikuonyeshe mapigo yako wapi. Mimi hufundisha muziki mchana na kutunga usiku, na nyimbo zangu nyingi zilizoanguka zilianzia kwenye kinanda: vidole vilipata kinachovifurahisha, maneno yakaja kubanwabanwa baadaye.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ndiyo iangukie pigo zito. Ila yako maneno makaidi. Niliwahi kuandika "tushikane barabara", nikaweka nota ndefu ya juu kwenye "ba" ya pili. Mazoezini kijana mmoja wa besi, sauti ya chini kabisa, akauliza, "Mwalimu, tunashika barabara gani?" Kwaya nzima ikacheka, nami nikacheka nikiwa nimeona haya. Ukikaza ba-ra-BA-ra umetaja njia ya magari. Mimi nilitaka ba-RA-ba-ra. Nikaisukuma "ba" ya kwanza kwenye pigo jepesi, "ra" ikalipata pigo zito kwenye nota ya la (nota zapanda do, re, mi, fa, so, la, ti), halafu "bara" ikateremka so, mi. "Mtu" nalo liangalie: m pale ni silabi kamili, ina haki ya nota yake, lakini iwe fupi. Hakuna awezaye kuimba m ndefu kwa nguvu.

Sasa sauti. Andikia hawa waliokaa mbele yako, siyo kwaya uliyoisikia redioni. Do ikiwa C, sauti ya kwanza, ile ya juu ya wanawake, naiweka kati ya do ya katikati ya kinanda na so ya oktava inayofuata, na ile so naitumia mara moja au mbili tu. Alto, sauti ya chini ya wanawake, huanzia so iliyo chini ya do hiyo, hupanda hadi do ya juu. Sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, huimba oktava moja chini ya sauti ya kwanza, besi oktava moja chini ya alto. Una tena wawili, na mmoja haonekani wiki nzima? Andika sauti tatu, yaishe.

Baada ya sauti ya kwanza naandika besi. Hizo mbili zikitembea pamoja nota ile ile, sauti nne zako zimegeuka tatu, kwa hiyo moja ikipanda jaribu kuishusha nyingine. Alto huja mwisho, na watunzi wengi humwachia so, so, so, so ubeti mzima. Uonevu huo. Mpe hata mahali pamoja pa kung'aa.

Nakala nagawa kwa solfa, yaani nota zilizoandikwa kwa herufi za kwanza za majina yake, d r m f s l t. Nota ya saba huitwa ti, siyo si, ili herufi yake isigongane na ya so.

Kufundisha naanza na besi. Ukianza na sauti ya kwanza, wote wataidaka, kisha utahangaika kuwatoa huko. Vipande vifupi, mistari miwili miwili, halafu unganisha.

Wakikosea mara tatu pale pale, achana na kufoka, chukua penseli. Kwangu mara nyingi huwa ni alto niliyemtaka aruke kutoka fa kwenda ti. Nampa la, tunaendelea.