SOMO: Kulinganisha vioo vya LCD vya pinboli kabla hujafunga

Wadau habari. Naona wengi mnatoa zile skrini za doti za zamani kwenye pinboli (zile mashine za mchezo wa kurusha kimpira cha chuma) mnaweka LCD, halafu baadae mnalalamika picha haina raha. Mi nilishaumia humo, nilichukua kioo kwa sababu kilisifiwa kuwaka sana, nikafunga vizuri kabisa, nazima taa za chumba nakuta nyeusi yote imekuwa kijivu kama moshi.

Kwanza ujue unachokitoa ni nini. Skrini ya asili, zile zilizoenea kuanzia 1991, ina doti 128 kwa 32, na ni gesi inayowashwa kwa umeme mkubwa, kwaiyo doti ikizimwa imezimwa kweli, nyuma yake hakuna taa. LCD haiko hivo, taa ya nyuma inawaka muda wote na kazi ya pikseli, vile vinukta vidogo vya kioo, ni kuiziba tu, zikiziba vibaya mwanga unapenya. Na picha za pinboli sehemu kubwa ni nyeusi, kwaiyo udhaifu ambao kwenye tivi usingeuona hapa unakukodolea macho.

Hatua ya 1: piga hesabu. Chukua upana wa kioo kwa pikseli ugawanye kwa 128. 1920 inatoka 15 kamili, 1280 inatoka 10 kamili. 1366 inatoka 10 na chenji, ukiilazimisha ijae kuna doti zinakuwa nene na zingine nyembamba, maandishi yakipita unaona kama yanacheza. Kama programu inakuruhusu, tumia pikseli 1280 tu katikati, pembeni uache nyeusi 43 kila upande, hakuna atakayejua. Urefu nao usiusahau: 1920 kwa 480 inakaa sawasawa, ila 1920 kwa 360 haikai, maana 360 kwa 32 ni 11 na robo.

Hatua ya 2: kaa gizani. Weka picha nyeusi tupu, zima taa, subiri macho yazoee. Angalia kona na kingo kama kuna mwanga unavuja. Vioo vya LCD viko vya aina tatu, VA, IPS na TN. Kwa weusi VA ndo baba lao, IPS zinafuata na zina kimng'aro ukiziangalia kwa kona, TN mara nyingi ndo za mwisho.

Hatua ya 3: inama, chuchumaa, simama pembeni. Hapa TN ndo inaumbuka, ukiiangalia kutokea upande wake mbaya rangi zinageuka kabisa, palipokuwa na giza panawaka. Upande huo kawaida ni wa chini, sasa vioo vingi vyembamba vinafungwa vimegeuzwa juu chini ili waya zifike, matokeo yake upande mbaya unamtazama mchezaji mrefu. Kabla hujakitupa kigeuze nyuzi 180 uone, na picha uigeuze kwenye programu.

Hatua ya 4: pitisha maandishi meupe kwenye nyeusi, haraka. VA inayoringa kwa weusi hapa inaweza kuacha mkia nyuma ya herufi, kwa sababu pikseli yake inachelewa kutoka kwenye giza. Mi binafsi nachagua IPS nzuri kuliko VA yenye mkia, maana skrini ya pinboli unaiibia jicho nusu sekunde tu mpira ukiwa juu.

Mwanga wenyewe? Ukifika nusu unatosha. Ila ukiupunguza pitisha penseli harakaharaka mbele ya kioo, ukiona vivuli vimekatikakatika basi taa inapepesa, na kuna watu inawaumiza kichwa.

MASWALI

Swali: Mkuu, ule umeme mkubwa wa skrini ya zamani niuache au niukate?
Jibu: LCD haiuhitaji. Angalia mchoro wa mashine yako, toa fyuzi za umeme mkubwa tu, usiguse za volti 5 na 12. Zima, chomoa, subiri kapasita, zile zinazotunza umeme hata ukishazima, ziishiwe umeme kwanza ndo uingize mkono.

Swali: Kwani si bora skrini ya doti za LED moja kwa moja, tuachane na haya mahesabu?
Jibu: Weusi wake ni wa kweli na kila pembe unaona sawa, hapo sibishi. Ila doti ni zilezile 128 kwa 32, huwezi kulainisha picha wala kubadili umbo la doti. Anayependa muonekano wa kizamani aende nayo.

Swali: Changu ni IPS, kona ya kushoto chini inavuja sana, ila kabla sijakifunga haikuwepo.
Jibu: Umekaza skrubu mno, fremu inakiminya kioo. Legeza zote robo mzunguko, anza na ya kona hiyo.

Muulizaji: Duh, nimelegeza mbili tu imepungua karibu yote. Na mi nilishaanza kufungasha nikirudishe.