Louvre, Orangerie na Orsay kwa siku moja

Mara ya kwanza kwenda Louvre, makumbusho ya sanaa ya Paris, nilifika siku ya Jumanne. Mimi na dada yangu tulisimama mbele ya ile piramidi ya vioo kama wageni waliofika harusini kesho yake. Louvre hufungwa Jumanne, makumbusho ya jirani ya Orangerie vilevile, na yale ya Orsay hufungwa Jumatatu. Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza. Kwa hiyo anza na kalenda. Mimi sasa huenda Alhamisi tu, kwa sababu siku hiyo Orsay huwa wazi mpaka saa 4 kasorobo usiku. Unapata asubuhi ya Louvre, mchana wa Orangerie na jioni ya Orsay bila kukimbizana.

Tiketi kata mapema kwenye intaneti, maana huuzwa kwa saa ya kuingia. Kata ile ya mwanzo kabisa. Ikiandikwa 9:00 ujue ni saa 3 asubuhi. Nasema hivi kwa sababu dada aliisoma akajipangia kulala mpaka mchana. Jumapili ya kwanza ya mwezi Orsay na Orangerie ni bure, lakini kwa umati wa siku hiyo mimi naona heri kulipa. Begi liwe dogo, na viatu viwe vile vilivyokwisha kuuzoea mguu.

Louvre ilikuwa kasri la wafalme, na ina pande tatu: Denon, Sully na Richelieu. Hakuna aliyeimaliza kwa siku moja, usijidanganye. Andika vitu vitano kwenye karatasi, vingine viache vipite. Kama Mona Lisa yumo kwenye orodha yako, na najua yumo, mwendee kwanza kabla umati haujajaa. Ni picha ndogo, sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, na mbele yake kuna msitu wa simu zilizoinuliwa. Dakika tatu zinatosha. Kisha fanya wasichofanya wengi: mpe mgongo.

Ukutani kwa upande wa pili kuna Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, ya mwaka 1563, yenye upana wa karibu mita 10. Askari wa Napoleon waliichukua kutoka chumba cha kulia cha watawa wa Venice mwaka 1797. Anza katikati, kwa wanamuziki. Panda juu yao umwone Yesu, ametulia, kama vile hakualikwa na mtu. Panda tena: juu ya kichwa chake kuna watu wanakatakata nyama. Sasa shuka kushoto, kuna mtoto mweusi anampa bwana harusi glasi. Dada alimkodolea macho mtoto yule muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu naye kaja na nani?" Sikuwa na jibu. Tulikaa pale nusu saa, na kila tulipogeuka, foleni ya Mona Lisa ilikuwa palepale.

Saa 6 toka, hata kama karatasi yako haijaisha. Macho huchoka kabla ya miguu, na mtu aliyechoka hupita mbele ya picha akisoma vibao tu. Nje kuna bustani ya Tuileries, ina viti vya chuma vya kijani visivyolipiwa. Kaa. Kula ulichobeba.

Orangerie iko mwisho wa bustani hiyohiyo. Humo mna picha za mayungiyungi za mchoraji Monet, alizozichora huku akisumbuliwa na mtoto wa jicho. Alifariki Desemba 1926, na kumbi mbili za umbo la yai zilizotengwa kwa picha hizo zikafunguliwa mwaka uliofuata. Mwanga unatoka juu, mwanga wa jua lenyewe, hivyo wingu likipita maji yale hubadilika rangi. Kaa kwenye benchi la katikati usubiri wingu. Halafu sogea karibu mpaka maji yapotee ibaki rangi peke yake, kisha rudi kinyumenyume taratibu. Kuna hatua moja ambapo ziwa linarudi ghafla. Itafute.

Kutoka hapo vuka mto Seine kwa daraja la waenda kwa miguu lililopewa jina la Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa kwanza wa Senegal. Ng'ambo ndiyo Orsay, iliyokuwa stesheni ya treni tangu mwaka 1900 na ikawa makumbusho mwaka 1986. Panda lifti mpaka ghorofa ya 5 kwanza, kwenye saa kubwa ya kioo inayotazama mji, kisha teremka kidogokidogo. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, hasa jioni.

Muulize mlinzi picha za Van Gogh ziko wapi, kwa maana picha huhamishwa na nyingine huazimwa. Mimi hutafuta Kanisa la Auvers, la mwaka 1890, mwaka aliofariki. Njia mbili zinalizunguka kanisa, na mwanamke mmoja ametupa mgongo anaifuata ya kushoto. Usisimame mbele yake tu. Simama pembeni, shavu likikaribia usawa wa ukuta, utaona rangi imeinuka kama matuta ya shamba, kila tuta na kivuli chake. Dada alipoona hivyo alinyoosha kidole kunionyesha. Mlinzi akakohoa.