Somo: Hariri yako ikitenguliwa Wikipedia, fanya haya kabla hujairudisha

Habari zenu wanakundi wa Kigoma, na karibuni wenzetu wa Tabora mlioingia wiki hii. Wengi wenu mmeanza na makala za nyumbani: Ujiji, Ziwa Tanganyika, Gombe, Mirambo. Hapo ndipo pa kuanzia. Ila kuna jambo linajirudia na linaniuma sana. Mtu anaandika kitu cha kweli, kinatenguliwa, yaani mhariri mwingine anakiondoa na kuirudisha makala ilivyokuwa. Anakirudisha kwa hasira, kinatenguliwa tena. Baada ya hapo haonekani. Makala inabaki na kosa lake, na tunampoteza mhariri aliyekulia hapahapa. Somo hili ni la kukufanya ubaki.

Mfano wetu ni tarehe ambayo Stanley, mwandishi wa habari, alimkuta mmisionari na mpelelezi Livingstone pale Ujiji.

Hatua ya 1: Fungua Historia

Juu ya kila makala kuna kichupo cha Historia. Kwa simu kikikupotea, shuka chini kabisa ya ukurasa, ubadili uje kwenye mwonekano wa kompyuta. Kila badiliko lina jina la aliyelifanya, saa, na muhtasari mfupi. Soma aliyekutengua ameandika nini. Mara nyingi ni "hakuna chanzo" au "lugha ya upendeleo". Angalia na muhtasari wako pia: kama uliuacha mtupu, mwenzako angejuaje kwamba unasahihisha na si kuharibu? Wanaolinda ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, unaoorodhesha hariri mpya zote, hupitia mengi kwa mkupuo, na wengi wao Kigoma wanaisikia tu. Usimwone adui.

Hatua ya 2: Usirudishe

Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni inayojulikana: ukizidisha kutengua mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24, unaweza kuzuiwa. Watu huisoma kama ruhusa ya kutengua mara tatu. Siyo. Msimamo wangu ni kwamba ukitenguliwa mara moja tu, nenda Majadiliano, ule ukurasa wa kila makala ambapo wahariri huzungumzia yaliyomo. Na kufungua akaunti ya pili ili ionekane mko wawili, hilo usilifanye kabisa. Ukigundulika hakuna atakayekuamini tena hata ukiwa na haki.

Hatua ya 3: Leta chanzo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. "Nimezaliwa Ujiji, najua" haitoshi. Inauma, lakini naiunga mkono kanuni hii, kwa sababu msomaji aliyeko Mtwara hana namna ya kukuhakiki wewe. Kitabu anaweza kukihakiki.

Sasa turudi kwenye tarehe. Kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 kinataja 10 Novemba 1871. Shajara za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, zinaweka mkutano huohuo mwishoni mwa Oktoba. Mashahidi wawili wenyewe hawapatani! Hesabu ya siku ilikuwa imewapotea porini na kwenye homa. Kwa hiyo wahariri wawili wanaweza kutenguana mwezi mzima, kila mmoja ana kitabu mkononi, na hakuna mwongo kati yao.

Kuna na la tatu. Kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe lililochongwa majina ya wawili hao na tarehe 25 Novemba 1871, na wapo ndugu zetu wa Burundi wanaosema walikutana pale. Ukweli ni kwamba walipita pale wakiwa tayari pamoja, kwenye safari ya kaskazini mwa ziwa kuangalia kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. (Unaingia.) Mhariri akileta habari za Mugere, usimfute. Jiwe lipo na safari ilikuwepo. Kinachohitaji kurekebishwa ni maelezo tu, na habari yake ina nafasi katika makala.

Hatua ya 4: Andika Majadiliano, na uweke sentensi mezani

Andika hivi:

"Habari. Nimeona umeondoa tarehe niliyoweka. Stanley (1872) anasema 10 Novemba. Shajara za Livingstone (1874) zinaonyesha mwishoni mwa Oktoba. Napendekeza tuandike: 'Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Stanley alitaja tarehe 10 Novemba, ilhali shajara za Livingstone zinaonyesha mwishoni mwa Oktoba.' Je, una pingamizi? ~~~~"

Hizo alama nne za mwisho zinageuka kuwa jina lako na saa. Cha muhimu zaidi ni ile sentensi ya mapendekezo. Bila sentensi, watu wanajadiliana wao kwa wao. Ikiwepo, wanaijadili hiyo. Kisha subiri, hata wiki nzima. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, lakini wanaoingia kila siku si wengi, na ukimya wao si dharau.

Hatua ya 5: Mkikwama

Peleka suala kwenye ukurasa wa Jumuiya, ambapo wahariri wote hujadiliana, uombe jicho la tatu. Wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wanaweza kufunga ukurasa usihaririwe au kumzuia mtu, lakini si kazi yao kuamua ipi ni tarehe sahihi.

MASWALI YA WANAKUNDI

Kutoka Kasulu: Shikamoo mwalimu. Babu yangu anajua habari za mwami (mtemi) wa Heru kuliko kitabu chochote. Nikiandika wanafuta. Tufanyeje?

Marahaba. Swali lako ni zito na Wikipedia yenyewe haijalimaliza. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi wa kujaribu masimulizi ya mdomo kama vyanzo, huko India na Afrika Kusini, lakini haukubadilisha kanuni. Kwa sasa mrekodi babu, kwa ridhaa yake, huku ukitafuta tasnifu na vitabu vya historia ya Buha, nchi ya Waha. Huenda mengi anayosema yamo. Yasiyomo yanahitaji kuchapishwa kwanza mahali pengine panapoaminika. Lakini mrekodi sasa, usingoje.

Kutoka Urambo: Niliandika Mirambo ni shujaa mkubwa wa Wanyamwezi. Mtu kaondoa, kasema upendeleo. Mimi nimeona ni kumdharau mtemi wetu.

Hajadharauliwa, ndugu yangu. Weka matendo: mtemi aliyejenga dola yake Urambo, akapigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, akafariki 1884. Sifa ukiitaka, mpe aliyeitoa: Stanley alimfananisha na Bonaparte. Hiyo ukiiandika na chanzo chake, mwenye kuifuta ndiye atakayetakiwa kutoa sababu.

Kutoka Mwanga, Kigoma mjini: Kina cha ziwa, Wikipedia ya Kiingereza inasema mita 1,470, mimi nimekuta 1,436. Si tufuate ya Kiingereza?

Hapana. Wikipedia ya lugha nyingine si chanzo, iwe kubwa namna gani. Fuata tanbihi zake, usome chanzo chenyewe. Namba zote mbili zimo katika maandishi ya kuaminika, basi ziandikwe zote, kila moja na chanzo chake.

Kutoka Ujiji: Kwani tukiingia wote wa kundi hili tukapiga kura, si tutashinda?

Mtashindwa dada, na kwa haki. Majadiliano hayahesabu mikono, yanapima hoja. Kuita watu waje kuunga mkono upande wako hakuruhusiwi, na akaunti kumi mpya zikisema "naunga mkono" dakika zilezile, mkabidhi atazishuku zote. Ila kama kuna mmoja wenu mwenye kile kitabu nyumbani, huyo aje peke yake, ataje na namba ya ukurasa.